Kiti cha Land Rover katika Njia ya Karamoja

Watu wengi wanapolisifu gari lipitalo porini, husifu injini yake, magurudumu yake na nguvu zake za kupanda mlima. Ni wachache wanaokikumbuka kiti. Walakini dereva hagusani na injini wala magurudumu. Anachogusana nacho tangu alfajiri hadi jua kuchwa ni kiti. Kishindo cha kila shimo la barabarani hupita katika chuma, kikaingia katika mto wa kiti, na kisipomalizikia humo humalizikia katika uti wa mgongo wa binadamu. Katika makala haya nakusudia kumchukua msomaji katika njia itokayo Kampala hadi Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, ili tuone njia hiyo inavyokitenda kiti cha gari, na jinsi nyumba moja ilivyokifuma upya kiti chake kwa cherehani ya kawaida.

Kutoka Kampala hadi Soroti

Njia yenyewe ni ndefu, zaidi ya kilomita 400 hadi mji wa Moroto. Kutoka Kampala barabara huelekea mashariki, hupita Mukono, hukata msitu wa Mabira, kisha huvuka Mto Nile mjini Jinja kwa daraja jipya lililofunguliwa mwaka 2018. Mbele ya Jinja msafiri hupita Iganga, hushuka kwenye mabonde ya mpunga na mafunjo ya Mto Mpologoma, hatimaye akafika Mbale chini ya Mlima Elgon, ambao wenyeji wauita Masaba. Toka Mbale kwenda Kumi nchi hulala tambarare. Kisha barabara huvuka kinamasi cha Awoja kwa daraja, na mwamba mkubwa wa Soroti hutokeza juu ya mji.

Sehemu yote hiyo ina lami. Mtu aketiye kwenye kiti kibovu aweza kujidanganya kuwa hakina kasoro, kwa maana lami njema huficha aibu ya gari. Ni baada ya kuiacha lami ndipo kiti husema ukweli wake.

Gari ninalolizungumzia ni Land Rover ya zamani. Gari hilo lilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Uingereza wakati huo ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, hivyo sehemu kubwa ya bodi yake ikatengenezwa kwa mchanganyiko wa alumini. Aina yake ya tatu, iitwayo Series III, ilitengenezwa tangu mwaka 1971 hadi 1985. Na gari la mwisho la umbo lile la kale lilitoka katika kiwanda cha Solihull tarehe 29 Januari 2016. Katika nchi zetu limebeba askari, polisi, waganga wa mifugo, wamisionari na maafisa elimu kama mimi. Hata leo zipo nyingi zinazotembea, baadhi yake zikiwa zimenunuliwa katika minada ya magari yaliyostaafishwa.

Viti vyake ni vyepesi kueleweka. Kuna mto wa kukalia, na kuna egemeo la mgongo. Mto hunyanyuliwa kwa mkono na kutolewa, na chini yake kuna sanduku la chuma. Katika magari mengi ya aina fupi tangi la petroli limo chini ya kiti cha kulia, yaani pale hasa aketipo dereva wa nchi zetu. Naomba msomaji alishike jambo hili, kwa sababu tutalirudia.

Vumbi, jua na udongo mweusi

Kutoka Soroti njia huelekea Katakwi, ikapita karibu na Mlima Napak, kisha ikaingia Moroto chini ya mlima wenye jina hilohilo, ambao kilele chake kina urefu wa mita 3,083. Kwa miaka mingi safari hiyo ilikuwa ya vumbi na tope. Leo lami imefika Moroto. Walakini shule, visima na zahanati nyingi haziko kando ya lami. Ziko mwisho wa njia za mifugo, kuvuka mito ya mchanga ambayo huwa mikavu kwa miezi mingi, kisha hujaa kwa saa chache baada ya mvua ya mlimani.

Karamoja ina msimu mmoja mrefu wa mvua, takriban kuanzia Aprili hadi Oktoba, kisha kiangazi kikali. Udongo wake mwingi ni ule mweusi unaonata kama gundi ukilowa, na unaopasuka nyufa ukikauka. Magurudumu huuchora wakati wa mvua, na wakati wa kiangazi michoro hiyo huwa migumu kama matofali. Gari lipitapo juu yake hutetema mfululizo kwa saa nyingi.

Mambo manne hukiua kiti katika nchi kama hiyo. La kwanza ni jua, ambalo hukausha ngozi bandia hata ikapasuka kama udongo wenyewe. La pili ni vumbi: chembe zake huingia katika mishono, na kila dereva anapojigeuza hukata nyuzi kama tupa ndogo. La tatu ni jasho na maji ya mvua, ambavyo huozesha uzi wa pamba na kutia kutu springi. La nne ni mtetemo, ambao huivunja sponji ndani kwa ndani hadi ikawa unga wa manjano. Madaktari wameona siku nyingi kwamba watu waendeshao magari mazito katika njia mbovu huumwa sana kiuno, na mtetemo huo ni mojawapo ya sababu.

Wenyeji wa Karamoja wenyewe huijua thamani ya kiti. Mwanamume wa huko hutembea na kigoda kidogo cha mti, kiitwacho ekicholong, kilichochongwa kutoka kipande kimoja. Mchana hukikalia, na akilala hukilaza kichwa chake juu yake. Hakiachi nyumbani, kwa sababu hajui ardhi aendako itampokea vipi. Naona dereva angefaa kuwa na hadhari iyo hiyo.

Kiinua mgongo

Katika kazi yangu ya kukagua shule nilipata kusafiri mara kadhaa na sajini mmoja mstaafu aishiye Soroti. Alipostaafu alipewa kiinua mgongo chake, naye hakukila pombe wala hakukijengea sifa. Alinunua mnadani Land Rover ya aina fupi, akaifanyia injini matengenezo, akaanza kubeba mahindi, mbuzi, wagonjwa na wasafiri kati ya Soroti na vijiji vya Karamoja. Kutoka katika gari hilo alilipa karo za watoto watatu.

Mwaka wa nne alianza kuumwa. Alipofika mwisho wa safari alishuka kwa kushika mlango kwa mikono miwili, na husimama kitambo kabla ya kuweza kunyoka. Siku moja, tukiwa tumeegesha chini ya mgunga, aliniambia, "Mwalimu, serikali ilinipa kiinua mgongo, nami nikakinunulia kivunja mgongo." Alicheka, nami sikuweza kucheka, kwa sababu nilijua kwamba mfanyabiashara mmoja alikuwa amekwisha kumwendea mara mbili akitaka gari lile kwa bei ya chuma chakavu. Fundi mmoja wa mjini alikuwa amemtajia bei ya viti vipya, na bei hiyo ilikuwa kubwa kuliko karo ya muhula mzima. Mzee aliona ni heri auze.

Mkewe ndiye aliyelizuia jambo hilo. Kwa miaka mingi mama huyo ameshona sare za shule kwa cherehani ya miguu. Aliutoa mto wa dereva garini, akauweka mezani, akaukata mshono wa chini kwa wembe. Ndani alikuta springi mbili zimekatika, sponji imekuwa unga, na ncha ya waya imejitokeza kama kidole upande wa kushoto, mahali paleale ambapo mumewe alilalamikia nyonga. Akasema, "Baba, gari halijafa. Kilichokufa ni mto."

Vifaa kutoka Katwe

Aliniandikia karatasi ya vifaa, kwa kuwa nilikuwa naitwa Kampala kikazi. Nikaipeleka Katwe. Msomaji ambaye hajafika Katwe na ajue kuwa ni mtaa ulio kusini ya katikati ya jiji la Kampala, unaosifika kwa mafundi wa kila namna. Huko bati kuukuu hugeuka sanduku la shule, na pipa hugeuka jiko. Nyundo hugonga tangu asubuhi. Miongoni mwa mafundi hao wamo wanaoshona viti vya magari na pikipiki, na kuwatazama kwa saa moja ni somo ambalo halilipiwi ada.

Jambo la kwanza nililojifunza kwao ni kwamba sponji si sponji tu. Ile nyepesi ya godoro la bei ndogo hupendeza dukani, lakini chini ya dereva huzama kwa miezi michache. Itakiwayo ni nzito na ngumu. Kuipima, ikandamize kwa goti hadi chini, kisha uondoke ghafla. Iliyo njema huinuka mara moja, iliyo dhaifu hubaki na shimo. Ipo pia sponji iliyotengenezwa kwa vipande vilivyogandishwa pamoja, ambayo ni ngumu sana na hufaa kuwa tabaka la chini. Zamani mito kama hii ilijazwa pamba, usufi au nyuzi za makumbi ya nazi. Mtu mwenye vitu hivyo aweza bado kuvitumia, ila hushikamana na kuhitaji kuchambuliwa upya.

Jambo la pili ni kifuniko. Turubai ya pamba hupitisha hewa na haichomi, ila hunywa maji na kukauka polepole. Ngozi bandia haipitishi maji na hupanguswa kwa kitambaa, ila hupata moto juani. Kwa nchi ya jua kali rangi nyeusi ni adui. Kijivu au rangi ya mchanga ni heri. Mama alichagua ngozi bandia nene ya kijivu yenye kitambaa nyuma yake, kwa sababu ile isiyo na kitambaa hupasuka penye mshono. Kwa mito miwili ya mbele na maegemeo yake, mita 2 za kitambaa chenye upana wa mita 1.4 zilitosha, akiwa amepima kwanza.

La tatu ni uzi. Uzi wa pamba ushonao sare haufai. Ulionunuliwa ni wa nailoni, pamoja na sindano nene za namba 18, gundi ya kubandikia sponji, na misumari mifupi yenye vichwa bapa.

Kazi yenyewe

Kazi ilifanyika uani, mbali na gari. Hapa ndipo narudi kwenye tangi la petroli. Gundi ya namna hii hutoa mvuke unaoshika moto upesi, na petroli hali kadhalika. Mama alizima jiko, akawaondoa watoto, na akamkataza mzee sigara yake mpaka gundi ikauke. Msomaji asiifanye kazi hii ndani ya chumba kilichofungwa, wala ndani ya gari lenyewe.

Kwanza aliandika namba kwa chaki juu ya kila kipande cha kifuniko cha zamani, pamoja na alama za mahali vilipokutana. Ndipo akafumua mishono yote kwa wembe bila kukichana kitambaa, kwa sababu kifuniko kibovu ndicho kigezo bora cha kipya. Alivilaza vipande juu ya upande wa nyuma wa ngozi bandia mpya, akachora, akaongeza sentimita moja na nusu ya ziada ya mshono kila upande.

Pili, msingi. Ubao wa chini ulikuwa umeoza, hivyo mzee alikata plaiwudi mpya kwa kipimo cha ule wa zamani, akaitoboa matundu kadhaa kwa keekee ili hewa iingie na maji yatoke. Springi zilizokatika hazikupatikana. Badala yake walikata mikanda ya upana wa sentimita 5 kutoka mpira wa ndani wa gurudumu la lori. Waliifuma kwenye fremu ya mbao, mmoja juu mmoja chini, kama mtu afumavyo kitanda cha kamba, na kila mmoja ukavutwa kwa nguvu sawa. Juu ya mikanda waliweka gunia safi lililokunjwa mara mbili. Gunia hilo huizuia sponji isiliwe na mpira au na springi zilizosalia. Aliachaye hulipa sponji mpya mapema.

Tatu, sponji. Tabaka gumu liliwekwa chini, na tabaka jororo kidogo juu, yakakatwa kwa kisu kirefu cha mkate. Gundi ilipakwa pande zote mbili, ikaachwa dakika chache hadi ikanata bila kulowesha kidole, ndipo yakabandikwa. Kwa upande wa mbele waliiacha sponji iinuke kidogo, ili dereva asiteleze anapofunga breki. Kabla ya kuendelea, mzee alikwenda kukalia mto huo ndani ya gari. Alikuta kichwa kimekaribia paa na mguu haukanyagi vizuri pedali ya klachi, basi wakapunguza tabaka la juu. Hatua hii haina budi. Kiti kirefu mno ni hatari sawa na kiti kilichobonyea.

Nne, mshono. Cherehani ya nyumbani huweza kushona tabaka mbili za ngozi bandia ikiwa fundi hana haraka. Mama aliiongoza gurudumu kwa mkono penye kona. Alizipanga hatua za mshono ziwe ndefu, takriban milimita 4, kwani matundu yakikaribiana sana hugeuka kuwa mstari wa kuchania, kama karatasi ya stempu. Mahali palipokuwa na tabaka nne, ambapo cherehani ingevunja sindano, alishona kwa shazia.

Tano, kuvalisha. Kifuniko kilianikwa juani nusu saa ili kilegee, na juu ya sponji likawekwa karatasi la nailoni la kuzuia maji. Alipigilia msumari wa kwanza katikati ya upande wa mbele, wa pili katikati ya upande wa nyuma, kisha wa kushoto na wa kulia. Baada ya hapo alitoka katikati kwenda pembeni, akivuta pande zinazokabiliana kwa nguvu sawa. Kona zilikuwa za mwisho, zikakunjwa mikunjo midogo mingi badala ya mmoja mkubwa. Misumari ilikuwa mifupi kuliko unene wa ubao. Alipitisha kiganja juu ya kiti chote, akakikandamiza, kuhakikisha hakuna ncha iliyopenya.

Mto wa kwanza ulimchukua siku mbili. Wa pili ulimchukua siku moja.

Yaliyofuata

Nilisafiri katika gari lile mwezi uliofuata, kutoka Soroti hadi shule moja ng'ambo ya Moroto. Sitamwambia msomaji kuwa mzee alishuka akicheza ngoma. Kiti si dawa, na tabibu wa zahanati alikuwa amekwisha kumwagiza apumzike na kutembea kidogo kila baada ya saa mbili, apunguze kunyanyua magunia, na apime upepo wa magurudumu. Lakini alishuka kwa mkono mmoja, na alisimama wima bila kungoja. Safari ya nne ilipokwisha, yule mfanyabiashara alikuja tena. Aliambiwa kwamba gari haliuzwi.

Mama naye hakurejea kwenye sare peke yake. Jirani alimletea kiti cha pikipiki kilichochanika. Kisha akaja mwingine. Leo pembeni ya meza yake pana sponji na ngozi bandia, na karo ya muhula uliopita ilitoka katika magurudumu ya gari na katika gurudumu la cherehani pia.

Kuna mambo mawili ya kuwausia wasomaji, hasa wale wa kambini. Gari la umma si gari la nyumbani: kiti cha gari la kazi kikiharibika, taarifa iandikwe na karakana ihusike, hata kama mtu anao ujuzi. Pili, kazi hii ni ya mto na egemeo peke yake. Bolti zishikazo kiti kwenye bodi, na mikanda ya usalama pamoja na vishikizo vyake, visikatwe, visihamishwe wala visifunikwe.

Mwenye gari lake mwenyewe na aunyanyue mto wa dereva mwisho wa kiangazi, kabla ya mvua za Aprili. Autazame ubao, abonyeze kila pembe, anuse kama kuna petroli. Akikuta springi iliyokatika, asimngoje mnunuzi wa chuma chakavu wala maumivu ya kiuno. Na amwite aliye fundi wa cherehani nyumbani mwake, kwa heshima, kwa kuwa huenda yeye ndiye fundi aliyekuwa akimtafuta mjini.